Mafunzo ya Kijapani kwa Wanafunzi wa Kigeni: Kumbukumbu na Tafakuri ya Mwalimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika majarida ya lugha tumezoea kumsoma mwalimu akimzungumzia mwanafunzi. Ni nadra kumsoma mwalimu akijizungumzia mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, hasa mwanafunzi mtu mzima asiyeweza kusoma hata jina la duka analonunua mchele. Insha hii inakusudia kufanya hivyo. Mwandishi wake amefundisha Kiswahili kwa wageni kwa miaka mingi. Lakini kabla ya hapo, kuanzia Oktoba 1994 hadi Machi 1995, alikaa darasani katika chuo kikuu kimoja cha eneo la Kansai, nchini Japani, akifundishwa Kijapani pamoja na wanafunzi wengine wa kigeni.

Hoja ya insha hii ni kwamba kozi ya lugha kwa wageni haipimwi kwa idadi ya masomo yaliyokamilishwa. Hupimwa kwa yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyaelewa siku ambayo mwalimu hayupo. Aidha, mzigo wa kuelewana hauwezi kubebwa na mgeni peke yake. Hoja hii sikuitoa vitabuni. Niliipata mbele ya mlango mmoja ambao nilidhani nimeusoma.

Kabla ya kuusimulia mkasa huo, inafaa kueleza kozi yenyewe ilikuwa ya namna gani. Serikali ya Japani imekuwa ikiwafadhili wanafunzi wa kigeni tangu mwaka 1954. Mwaka 1983 iliweka lengo la kupokea wanafunzi wa kigeni 100,000 ifikapo mwanzo wa karne ya 21, na lengo hilo likatimia mwaka 2003. Mwaka 2008 likawekwa lengo la 300,000, nalo likapitwa mwaka 2019. Mfadhiliwa wa masomo ya juu asiyejua Kijapani alipitishwa kwanza katika kozi ya maandalizi ya miezi 6. Humo alifundishwa lugha tangu asubuhi hadi alasiri, kisha akapelekwa katika idara yake kuanza utafiti. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Jambo moja lilinishangaza tangu wiki ya kwanza. Lugha tuliyofundishwa iliitwa "nihongo", yaani Kijapani. Lugha hiyo hiyo, wanapofundishwa watoto wa Kijapani shuleni, huitwa "kokugo", yaani lugha ya taifa. Lugha ni moja, majina ni mawili, na vitabu ni tofauti. Nilifikiria nyumba zetu za pwani: mgeni hupokelewa barazani, akaandaliwa kahawa na mazungumzo mazuri, lakini uani haingii. Sisi tulikuwa wageni wa barazani.

2.0 Barazani

Sitaki msomaji adhani kwamba baraza ile ilikuwa mbaya. Darasa letu lilikuwa na watu 14 kutoka Indonesia, Bangladesh, Brazili, Hungaria, Uchina, Ghana na kwingineko. Mwalimu wetu mkuu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu. Kila Jumatatu tulifanya mtihani, na kila kosa lilirudishwa likiwa limezungushiwa wino mwekundu. Sisi tulimwita "sensei" tu, kama ambavyo kwetu mwanafunzi humwita mwalimu wake "mwalimu" bila kuthubutu kulitaja jina.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, mlango wa kwanza wa Kijapani ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Irabu zake ni tano, na silabi zake nyingi huishia na irabu. Herufi za msingi za hiragana ni 46, na karibu kila moja huwakilisha silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Mtu aliyejifunza kusoma kwa "ba, be, bi, bo, bu" hujiona kama amerudi darasa la kwanza katika shule anayoifahamu. Wenzangu kadhaa waliteseka na sauti ambazo mimi nilizipata bila jasho.

Hata urefu wa irabu, unaowasumbua wageni wengi, ulinikumbusha nyumbani. Katika Kijapani, "obasan" ni shangazi na "obaasan" ni bibi. Mwenye kuzichanganya humzeesha shangazi wa watu kwa pumzi moja. Mswahili ajuaye tofauti ya "kufa" na "kufaa" hana haja ya maelezo marefu. Kadhalika mnyambuliko wa vitenzi. Mwalimu alipotuonya kwamba tungefikia umbo gumu, "tabesaserareru", linalotokana na "taberu" (kula), darasa zima liliguna. Mimi nilitabasamu, kwani "kula, kulisha, kulishwa" tunazinyambua tangu utotoni. Tofauti ni kwamba umbo lile la Kijapani hubeba pia maana ya kulazimishwa.

Adabu ya lugha ndiyo iliyonipa taabu. Kwetu heshima hufuata umri na nasaba: mzee huamkiwa "shikamoo" popote alipo, na mama yangu ni mama mbele ya kila mtu. Kijapani huangalia pia nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Nikizungumza na mtu wa nje, mama yangu naye huhesabiwa ndani pamoja nami, kwa hiyo ninapaswa kumtaja kwa neno la unyenyekevu, "haha". Mama wa mwenzangu ndiye nitakayemtaja kwa heshima, "okaasan". Kwa wiki nzima nililikataa neno "haha" kimoyomoyo. Niliona kama ninamshusha mama yangu, aliyekuwa Pangani na ambaye hakujua kwamba anashushwa.

Halafu kulikuwa na kanji, herufi zenye asili ya Uchina. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida wakati huo ilikuwa na herufi 1,945. Tangu mwaka 2010 zimekuwa 2,136. Sisi tulitarajiwa kuzijua takriban 300 katika miezi 6. Kila jioni niliziandika mpaka kidole kikaota sugu. Nilipoanza kuzitambua barabarani nilifurahi kama mtoto: hii ni "toka", hii ni "ingia", hii ni "simama". Sikujua kwamba hatari ya mwanafunzi haiko katika kutojua tu. Iko zaidi katika kujua nusu.

3.0 Alfajiri ya 17 Januari 1995

Bweni letu lilikuwa Nishinomiya, mji ulio kati ya Osaka na Kobe. Jumatatu ya tarehe 16 Januari ilikuwa sikukuu, kwa hiyo mtihani wetu ulisogezwa hadi Jumanne. Nililala usiku sana, vitini vya kanji vikiwa kando ya mto. Saa 11:46 alfajiri ardhi ilitetemeka. Mtikisiko wenyewe haukuzidi sana theluthi moja ya dakika, lakini sijapata kuishi muda mrefu kama ule. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 7.3, liliua watu 6,434 katika Kobe na miji ya jirani. Bweni letu, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili, halikuanguka. Lilipasuka ukuta wa upande mmoja, nasi tukatoka gizani kwa kupapasa, wengine bila viatu, katika baridi ya Januari.

Kulipopambazuka nilikuwa na wazo moja tu: mama atasikia redioni kwamba Japani imeharibika. Huko Pangani hakukuwa na simu nyumbani. Kaka yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyekuwa na simu kazini, na namba yake ilikuwa katika daftari dogo chumbani kwangu. Nilizunguka nikitafuta simu inayofanya kazi, kisha nikarudi bwenini kuchukua lile daftari. Mlangoni nilikuta karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye kanji nne. Msimamizi wa bweni, aliyeibandika, alikuwa amekwenda kuwatafuta jamaa zake.

Kanji mbili za kwanza nilizijua vizuri. Ya kwanza ilikuwa "simama". Ya pili ilikuwa "ingia". Mbili za mwisho hatukuwa tumezifikia. Nilisimama kama karatasi ilivyosema, nikatazama huku na huku, kisha nikaingia. Nakumbuka kwamba katikati ya msiba ule niliona fahari kidogo kwa kuweza kusoma.

Nilikuwa nikishuka ngazi, daftari mkononi, ardhi ilipotetemeka tena. Kipande cha plasta ya dari kiliniangukia begani, na vumbi likaniziba macho. Nilitoka nje kwa magoti. Mwenzetu wa Uchina, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alinitazama, akaitazama ile karatasi, na uso wake ukabadilika. Yeye aliisoma kwa mtazamo mmoja, kwani kanji mbili za mwisho zina maana ile ile katika Kichina: kukataza. "Tachiiri kinshi." Ni marufuku kuingia.

Bega lilipona baada ya wiki tatu, na kaka alipata salamu zangu siku ya pili. Lakini mpaka leo nikiona tangazo lolote mlangoni, nalisoma mara mbili.

4.0 Bibi wa Ndoo

Siku iliyofuata hatukuwa na maji. Gari lenye kipaza sauti lilipita polepole katika mtaa wetu. Sauti ya mwanamume ilisema sentensi mbili, ikazirudia, ikaondoka. Wakazi walianza kutembea haraka. Mimi nilielewa neno moja tu, la mwisho: "kudasai", yaani tafadhali. Nilijua ninaombwa, sikujua ninaombwa nini. Je, tukimbie? Tukae ndani? Tuzime moto?

Bibi mmoja wa nyumba ya jirani, ambaye miezi mitatu mizima tulikuwa tukiinamiana tu bila maneno, alituona tumesimama tumeduwaa. Alisogea, akainua ndoo yake, akasema polepole: "Mizu. Kuruma. Kuru." Maji. Gari. Linakuja. Kisha akaigonga ndoo kwa kidole: "Baketsu." Tulikwenda naye, tukapanga foleni, tukapata maji. Kila aliyetuuliza jambo kwa haraka, bibi yule alituelezea upya kwa maneno matatu au manne. Sina hakika kama alikuwa na elimu kubwa. Lakini katika ufundishaji wa lugha kwa wageni, sijakutana na mwalimu aliyemzidi.

Baadaye sensei alinieleza kile kipaza sauti kilichokuwa kimesema: "Kyuusuisha ga mairimasu. Youki o go-jisan kudasai." Gari la kugawa maji linakuja, tafadhali leteni vyombo. Ajabu ni kwamba maana yote ya sentensi zile ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Tulijua maji, tulijua gari, tulijua kuja, tulijua kuleta. Hatukujua "kyuusuisha", neno lenye asili ya Kichina la kiofisi. Hatukujua "mairimasu", umbo la unyenyekevu la kuja. Hatukujua "go-jisan", umbo la heshima la kuleta. Adabu ya lugha, ambayo darasani tuliahidiwa kuifikia mwishoni mwa kozi, ilikuwa imesimama kati yetu na maji ya kunywa.

Masomo yalipoanza tena, sensei hakufungua kitabu. Alimwomba kila mmoja aandike ubaoni neno ambalo angetaka awe amelijua alfajiri ile. Mwenzetu wa Bangladesh aliandika kwa herufi za Kilatini, jinsi alivyolisikia: "yoshin", mitetemo inayofuata tetemeko kuu. Mwanafunzi wa Brazili aliandika "hinan", kukimbilia mahali salama. Mimi nilichora zile kanji nne kadiri nilivyozikumbuka. Sensei alizitazama kwa muda mrefu. Kisha aliinama sana, akasema, "Moushiwake arimasen." Tulitazamana. Lile nalo, kuomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, lilikuwa katika somo ambalo hatukuwa tumelifikia.

5.0 Kijapani Chepesi

Hatukuwa peke yetu katika hali ile. Baada ya tetemeko la 1995, wanaisimu wa Japani, wakiongozwa na Sato Kazuyuki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki, walibuni utaratibu uitwao "yasashii nihongo". Neno "yasashii" lina bahati ya kuwa na maana mbili katika matamshi, yaani rahisi na pia -ema. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza: katika dharura, tumia sentensi fupi, maneno ya kila siku, na uepuke maneno ya kiofisi. Badala ya "yoshin" sema "tetemeko linalokuja baadaye". Badala ya "kyuusuisha" sema "gari linalogawa maji". Badala ya "hinan" sema "kimbieni". Niliposoma mapendekezo hayo miaka kadhaa baadaye, nilimwona bibi wa ndoo akiwa amesimama nyuma ya kila mstari.

Wazo hilo limekwenda mbali. Tarehe 1 Januari 2024, tetemeko lilipoipiga rasi ya Noto, shirika la utangazaji la NHK lilionyesha kwenye skrini maneno mawili makubwa kwa hiragana tupu, "Tsunami! Nigete!", yaani Tsunami! Kimbieni! Mwanafunzi wa kigeni wa mwezi wa kwanza angeweza kuyasoma. Mtoto wa Kijapani wa darasa la kwanza pia angeweza, na mzee mwenye macho hafifu vilevile. Hapo ndipo methali yetu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", hupata ushahidi usiotarajiwa: lugha iliyorahisishwa kwa ajili ya mgeni humponya na mwenyeji.

Hata hivyo, sipendi hoja hii ipelekwe mbali kupita kiasi. Yupo atakayesema kwamba basi sarufi, kanji na adabu ya lugha ni anasa, na mgeni afundishwe maneno 50 ya kujiokoa. Nakataa. Bila saa zile nyingi za darasani nisingeweza hata kulitambua neno "kudasai", wala nisingemwelewa bibi. Mgeni anayepewa maneno ya maji, moto na hatari peke yake hufanywa mtoto wa kudumu. Hawezi kubishana, hawezi kutania, wala hawezi kumtaja mama yake kwa neno linalostahili. Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kozi ya lugha ndilo jembe lenyewe, na jembe halitoshi kuwa mpini peke yake.

Wasiwasi wangu leo uko upande mwingine. Tangu mwaka 2009, kwa mpango uliojulikana kama Global 30, vyuo vikuu kadhaa vya Japani vilianzisha shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa na Kijapani kidogo sana. Milango imefunguka kwa wengi, na hilo ni jema. Lakini karatasi ya mlangoni na kipaza sauti cha mtaani havisemi lugha ya maabara. Yule aliyesamehewa Kijapani ndiye anayekihitaji zaidi usiku ambao ofisi ya wanafunzi wa kigeni imefungwa.

6.0 Kiswahili kwa Wageni

Niliporudi nyumbani na kuanza kuwafundisha Kiswahili wageni, niliyachukua masomo ya kwanza kama nilivyoyakuta: maamkizi, familia, bei ya nyanya sokoni. Mwaka wangu wa pili, mwanafunzi mmoja alichelewa kuingia darasani. Alikuwa amepita njia iliyofungwa na mafundi, akageuzwa kwa maneno makali. Alinieleza kwa Kiswahili safi: "Mwalimu, kibao kilisema 'kuingia', na kabla yake nililiona neno 'ruhusu'. Nilidhani nimeruhusiwa."

Kibao kilikuwa kimeandikwa HAIRUHUSIWI KUINGIA.

Nilikaa kimya kidogo. Katika Kijapani, ukanushi hukaa mwisho wa kitenzi, na mgeni akichoka kabla ya mwisho huelewa kinyume. Katika Kiswahili, ukanushi mara nyingi hukaa mwanzo, katika silabi moja ndogo, na mgeni akiwa bado anajiandaa kusikiliza huwa umekwisha kupita. Mimi nilikosa kanji mbili za mwisho. Yeye alikosa "ha" moja ya mwanzo. Kwa miaka mingi vitabu vyetu vimeuweka ukanushi baada ya nyakati zote za kukubali, eti kwa sababu ni mgumu. Ni mgumu kweli. Lakini vibao vya dunia haviandikwi kwa kufuata mpangilio wa vitabu vyetu.

Tangu siku ile, somo langu la wiki ya kwanza lina sehemu mpya. Baada ya "hujambo" na "sijambo", ambazo zenyewe ni ukanushi ingawa hatuwaelezi wageni hivyo, tunasoma vibao: HATARI, HAIRUHUSIWI KUINGIA, MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Kisha tunatoka nje ya darasa, na kila mwanafunzi analeta kibao kimoja alichokinakili. Aidha, ninawaomba wenzangu wa ofisini jambo ambalo mara nyingine huwachekesha: mgeni asipoelewa, msirudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Badilisheni maneno. Sauti kubwa haijapata kuwa tafsiri.

7.0 Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba mafunzo ya Kijapani niliyoyapata yalikuwa mazuri, na kwamba pamoja na uzuri wake yaliniacha mlangoni nikisoma nusu ya onyo. Sikulaumu darasa wakati ule, wala silaumu leo. Kila kozi ina somo ambalo halijafikiwa. Kinachotakiwa ni mwalimu ajue kwamba maisha huenda yakalifikia kabla yake, na mwenyeji ajue kwamba naye ana sehemu yake ya kujifunza.

Lile daftari dogo bado ninalo. Namba ya simu ya kaka haitumiki tena, na mama alifariki miaka mingi iliyopita. Katika ukurasa wa mwisho kuna kanji nne alizoniandikia sensei kwa mkono wake, na chini yake tafsiri niliyoiandika mimi kwa Kiswahili. Huwaonyesha wanafunzi wangu ukurasa huo siku ya kwanza ya muhula, kabla hatujaamkiana.